Jinsi ya kusoma nyayo za puma na wanyama wengine porini: anza na mbwa wa jirani

Nianze na aibu yangu mwenyewe. Winta yangu ya kwanza hapa Boise, Idaho, nilifuata nyayo kwenye theluji huko vilimani nyuma ya mji karibu wiki tatu, kila jumamosi na jumapili, napiga picha nawatumia ndugu zangu WhatsApp kwamba nafuatilia simba, shangazi yangu kule Kasulu akawa ananiombea kabisa, alafu siku moja napinda kona nakutana na mwenye nyayo zake uso kwa uso, amevaa mkanda mwekundu shingoni na mkia unatikisika. Limbwa likubwa la mzee mmoja wa mtaa wa pili. Mzee alicheka mpaka akaegemea mti.

Toka siku ile nimejifunza mengi, na watu wengi wanaonitumia picha wakisema "kaka hii si ya simba hii?" naangalia sekunde mbili najua ni mbwa. Kwa hiyo huu mwongozo unaanza na mbwa, hutaki basi, lakini utanikumbuka.

Kwanza huyo puma ni nani

Ni paka mmoja mwenye majina kibao. Watu wa magharibi mwa Marekani wanamwita simba wa milimani, wengine wanasema kuga, Florida ana jina lake jingine, ila mnyama ni huyohuyo, anapatikana kuanzia Yukon kule Kanada mpaka kusini kabisa mwa Chile. Rangi yake ya mchanga ndo inawachanganya watu waseme simba, lakini hana manyoya ya shingo na hangurumi, yani akiridhika anakoroma kama paka wa jikoni kwako. Dume ana kilo kama 50 mpaka 70, jike 30 mpaka 50. Ukitaka kumlinganisha na wa kwetu mlinganishe na chui, sio simba, tabia za kujificha na kuvizia peke yake ni zilezile, hata unyayo umekaa kwa mpangilio uleule, kwa hiyo we uliyeko karibu na Katavi au Ruaha mengi ya humu yanakuhusu pia.

Hatua ya 1: Soma mbwa mpaka umchoke

Tafuta mbwa yeyote, hata wa jirani, mpitishe kwenye mchanga uliolowa kidogo au tope laini, alafu piga magoti uangalie. Utaona unyayo ni mrefu kuliko upana wake. Vidole vinne, viwili vya mbele viko sawasawa kama wanajeshi kwenye mstari, na ukichora mstari katikati upande wa kulia na kushoto vinafanana. Kucha zimechoma ardhi mbele ya vidole. Pedi ya nyuma ni ndogo, kama pembe tatu. Na ile sehemu ya ardhi isiyokanyagwa, kati ya vidole na pedi, inatengeneza herufi X. Hiyo X ishike sana.

Sasa paka. Kama una paka nyumbani mpitishe naye palepale. Unyayo wa paka ni wa duara, upana unalingana na urefu au unazidi kidogo. Vidole havijapangana, kuna kimoja kimetangulia, ni kama kidole chako cha kati kinavyozidi vingine, weka kiganja chako cha kulia mezani utaona kidole kirefu kiko kushoto kwa kile cha pete, basi mguu wa kulia wa paka uko hivyohivyo, na kwa njia hiyo unajua hata ni mguu gani umekanyaga. Pedi ya nyuma ni kubwa mno ukilinganisha na vidole, imejaa, na ukingo wake wa nyuma una nundu tatu. Ule wa mbele umekatika bapa, ukiangalia vizuri unaona umegawanyika nundu mbili. Ardhi isiyokanyagwa haitengenezi X, inapinda kama herufi C.

Watu wanakariri kitu kimoja tu, kucha. "Paka haonyeshi kucha." Ni kweli mara nyingi, ila puma akiteleza kwenye tope au akikimbia anazitoa, na mbwa wa ndani aliyekatwa kucha vizuri akitembea kwenye ardhi ngumu hazionekani kabisa. Na kule nyumbani kuna duma, paka kamili, lakini kucha zake zinaonekana karibu kila unyayo. Kwa hiyo kucha ni shahidi mmoja, usimpe kesi yote. Mi huwa sitamki neno puma mpaka vitu vitatu vikubaliane: umbo la pedi, vidole vilivyopishana, na saizi.

Hatua ya 2: Saizi, na jinsi ya kupima bila kujidanganya

Unyayo wa mbele wa puma mkubwa una upana wa kama sm 7.5 mpaka 10. Wa nyuma ni mdogo kidogo na umebanana. Huyu mwingine, paka pori wa mkia mfupi wanayemwita bobkati, ana umbo lilelile ila ni kama sm 5 tu, ndo maana lazima upime, ukikisia kwa macho huku moyo unadunda kila bobkati anakuwa puma. Koyote, yule mbwa pori mwembamba wa huku, unyayo ni kama sm 6 au 7 kwa urefu, mwembamba, umebana. Mbwa mwitu wa Marekani anafika sm 11 na zaidi.

Pima chini, usipime juu. Unyayo ni kama bakuli, mdomo wake ni mpana kuliko kitako, na kwenye theluji au tope laini ule mdomo unapanuka zaidi. Pima kile kitako kilichobeba uzito. Theluji ikianza kuyeyuka ndo balaa kabisa, jua la mchana mmoja linachukua unyayo wa koyote linaufanya uonekane wa jini. Mimi lile limbwa la mzee lilinidanganya kwa njia hiyo, nilikuwa nafika mchana saa nane wakati nyayo zimeshayeyuka na kuvimba, zile alama za kucha zimefutika zote.

Picha: simu iwe juu ya unyayo wima, usipige kwa kuinama upande, na uweke kitu cha kipimo. Rula ndo bora. Ukisahau rula, noti ya dola ina urefu wa sm 15.6, na kila mtu ana ya kwake mfukoni, au tuseme mwisho wa mwezi bado inabaki moja. Piga na picha ya pili ya mbali inayoonyesha nyayo kadhaa kwenye mstari, watu wanasahau hii na ndo inayosaidia zaidi.

Hatua ya 3: Nenda saa sahihi, tafuta ardhi inayoshika

Saa moja asubuhi au saa kumi na moja jioni, jua likiwa chini, kila kibonde cha unyayo kinatupa kivuli na ardhi inasomeka kama gazeti. Saa sita mchana unyayo huohuo uko palepale na huuoni. Na usimame vizuri, unyayo uwe kati yako na jua, sio jua mgongoni kwako. Kama umechelewa au kuna mawingu, laza tochi karibu na ardhi imulike kwa ubavu, utashangaa vitu vinavyotokea.

Alafu usitafute nyayo kila sehemu, utachoka bure. Kwenye majani makavu na mawe hata mtaalamu anahangaika. Nenda kwenye ardhi inayoshika: vumbi laini la njia ya miguu, mchanga wa ukingo wa kijito, tope chini ya daraja, ndani ya kalavati chini ya barabara, theluji iliyoanguka jana usiku. Puma anapenda njia rahisi kama sisi, anapita juu ya migongo ya milima, kwenye vile vishingo kati ya kilele na kilele, chini ya magenge ya mawe na kwenye njia zetu za kutembelea watu wakishalala.

Na fuata chakula. Hapa chakula chake kikuu ni kulungu wa huku wenye masikio marefu kama ya nyumbu, yule nyumbu mtoto wa punda na farasi. Winta theluji ikijaa juu wale kulungu wanashuka vilimani karibu na mji kula vile vichaka vya kijivu vyenye harufu ya dawa, na puma anashuka nyuma yao. Ndo maana mwezi wa kwanza na wa pili ni msimu mzuri. Ila soma mabango, baadhi ya maeneo wanafunga winta ili kulungu wasisumbuliwe, na faini ya Marekani haina kuombana msamaha.

Usidhani lazima uende mbali sana. Los Angeles kulikuwa na dume mmoja wanamwita P-22, alivuka barabara kuu mbili zile za magari usiku na mchana akaenda kukaa Griffith Park, katikati ya jiji, kamera ikamnasa 2012, akaishi pale miaka kumi hivi mpaka alipokufa Desemba 2022. Watu walikuwa wanafanya jogging asubuhi juu ya nyayo zake.

Hatua ya 4: Ukiuona unyayo, simama

Kosa la kila mtu ni kukimbilia. Simama. Angalia chini ya miguu yako kwanza usije ukawa umeshakanyaga mwenzake. Zungukia pembeni, usipite juu ya mstari wa nyayo.

Sasa acha unyayo mmoja, angalia mwendo. Puma akitembea taratibu mguu wa nyuma unatua juu ya alama ya mguu wa mbele au unaipita kidogo, kwa hiyo utaona nyayo mbili zimepandana. Mnyama wa porini anabana nguvu, anaenda kama ana miadi, koyote ndo kabisa anakata mstari kama kapimiwa kwa kamba. Mbwa wa mtu kashiba nyumbani, hana haraka, anaenda kushoto kunusa, anarudi, anaruka, anakojolea jiwe, anachimba, mstari wake ni wa mlevi. Mara nyingi hiyo peke yake inatosha kumaliza ubishi kabla hata hujatoa rula. Angalia na nyayo za viatu pembeni: kama "simba" wako anatembea sambamba na buti saizi 44 mwendo wa kilomita nzima, nadhani jibu unalo.

Hatua ya 5: Alama ni ya lini?

Hapa ndo penye utamu na hapa ndo watu wanadanganya sana. Njia yangu ni ya kizembe lakini inafanya kazi: kanyaga pembeni ya ule unyayo kwa mguu wako, alafu linganisha. Kingo za wako ni kali, rangi ya udongo ni ya ndani, bado una unyevu. Kama ule mwingine unafanana na wako, ni wa muda si mrefu. Kama kingo zimemong'onyoka, kuna vipande vya majani vimeingia ndani, mdudu amepita juu yake akaacha vialama vyake, ni wa zamani. Alafu jiulize hali ya hewa, mvua ilinyesha lini? Kama jana jioni ilinyesha na unyayo hauna vitundu vya matone, umekanyagwa baada ya mvua. Asubuhi kibarafu kikiwa ndani ya unyayo mnyama alipita kabla ya baridi kali ya alfajiri.

Zoezi: acha unyayo wako uani, uuangalie kila siku kwa wiki moja, upige picha. Inachosha, mke wangu alidhani nimeanza kuchanganyikiwa, lakini hakuna darasa linaloshinda hilo.

Faida yake niliiona mwaka jana. Nilipanda kilima fulani saa kumi na mbili asubuhi nikarudi kwa njia hiyohiyo saa mbili kasoro, na katikati ya alama ya buti langu la kushoto kulikuwa na pedi yenye nundu tatu. Sikuhitaji rula ya muda pale. Nilishuka nikiimba kwa sauti nyimbo zote za kwaya ninazozijua.

Hatua ya 6: Alama zisizo nyayo

Mkwaruzo. Dume anakwaruza ardhi kwa miguu ya nyuma kuweka mipaka, unaona mifereji miwili sambamba na nyuma yake kirundo kidogo cha majani au sindano za misonobari, mara nyingi kamwagia mkojo. Tafuta chini ya mti mkubwa juu ya mgongo wa mlima au chini ya mwamba uliotokeza. Ukiona mikwaruzo kadhaa sehemu moja, ya zamani na mipya, hiyo ni ofisi yake, ataipitia tena, hapo ndo pa kufunga kamera ya mtego, ile inayojipiga yenyewe mnyama akipita, kama sheria ya eneo inaruhusu.

Kinyesi. Cha puma ni kinene, sm 2.5 mpaka 4, kimekatika vipande vipande, kimejaa manyoya na vijipande vya mifupa, wakati mwingine kimefunikwafunikwa na udongo kama afanyavyo paka. Cha koyote kimesokotwa kama kamba na ncha zimechongoka, na mara nyingi kina mbegu za matunda, puma hali matunda. Dubu mweusi anaacha lirundo la haja, limejaa matunda na majani. Usishike kwa mkono, tumia kijiti, na usiweke pua karibu. Cha rakuni, yule mnyama mdogo wa huku mwenye weusi machoni kama kavaa kinyago, hata kijiti usitumie, kina mayai ya minyoo hatari kwa binadamu.

Mzoga. Hapa sikiliza vizuri. Kabla hujauona utawasikia kunguru na wale ndege weusi weupe wa mkia mrefu wakigombana. Unaweza kukuta mburuzo, kama mtu aliburuza gunia, na vishungi vya manyoya yaliyonyofolewa. Puma anaua kwa kung'ata koo au nyuma ya shingo, anafungua nyuma ya mbavu anakula moyo, ini na mapafu kwanza, tumbo la majani analitoa analiweka pembeni, alafu anafunika kilichobaki kwa majani, udongo au theluji, na anarudi siku kadhaa mpaka amalize. Koyote hawafuniki, wanatawanya. Dubu anafunika pia. Kwa hiyo ukikuta nyama iliyofunikwa usianze kuchunguza ilikufaje, mwenyewe yuko karibu na anaweza kuwa anakuangalia. Rudi ulikotoka, taratibu. Na usiguse mzoga wowote, hata wa puma mwenyewe, 2007 mtaalamu wa wanyama wa Grand Canyon alifariki kwa tauni baada ya kumpasua puma aliyekufa kwa ugonjwa huohuo.

Wengine kwa haraka: kulungu ni kwato mbili kama moyo uliochongoka, sm 7 au 8, na elki, jamaa yake kulungu mwenye mwili mkubwa, ni vilevile ila unyayo ni mkubwa na wa duara zaidi. Dubu ana vidole vitano na mguu wa nyuma unafanana na wa mtu aliyevua viatu, rakuni anaacha viganja vya mtoto mchanga kwenye tope. Na ukisikia usiku sauti kama mwanamke anapiga kelele, puma jike akitafuta dume analia hivyo, lakini mbweha mwekundu naye analia hivyo.

Hatua ya 7: Fuata kinyumenyume

Ukishaamua kwamba ni puma, mfuate kuelekea alikotoka, sio anakoenda. Utajifunza yote, alilala wapi, alivizia wapi, alikunywa wapi, na humsukumi wala humkurupushi na watoto wake. Jike mwenye watoto anakaa nao mwaka mmoja mpaka mmoja na nusu hivi, kwa hiyo ukiona nyayo kubwa na ndogo zimechanganyikana, hapo piga picha moja uondoke.

Mkikutana naye, usikimbie. Kukimbia ni kumwambia wewe ni kulungu. Mwangalie, jitanue, fungua jaketi, ongea kwa sauti nzito, watoto wabebe bila kuinama sana, rudi nyuma polepole. Akirusha mkono pigana, mawe, fimbo, chochote. Kwa Marekani na Kanada waliouawa na puma kwa zaidi ya miaka 100 ni watu kama 30 hivi, kwa hiyo ni nadra sana, lakini mi huwa sitembei peke yangu alfajiri na jioni siku hizi, nabeba ile dawa ya pilipili ya kumpulizia dubu kiunoni sio ndani ya begi, na mbwa anabaki nyumbani. Msimu wa kuwinda vaa rangi ya chungwa, risasi haisomi nyayo.

Hatua ya 8: Andika, na ufunge mdomo kuhusu mahali

Daftari dogo: tarehe, saa, hali ya hewa, upana, mwelekeo, ardhi ya aina gani. Ukipenda simu kuna CyberTracker, programu iliyoanzishwa na Louis Liebenberg wa Afrika Kusini kwa ajili ya wasoma nyayo wa Kalahari, wengine hawakujua kusoma maandishi, wakawekewa vipicha vya kugusa, leo wazungu huku wanafanya mitihani ya nyayo kwa jina hilohilo. Nikiona mzungu anahojiwa kuhusu mavi ya koyote kwa mfumo uliotokea Kalahari nafurahi sana moyoni.

Mahali kamili usiposti. California kuwinda puma kumepigwa marufuku na kura ya wananchi toka 1990, ila Idaho na majimbo mengine ni halali kwa leseni na wanatumia mbwa, hivyo picha yako yenye lokesheni ni kama umewaelekeza nyumbani kwa mtu. Zima lokesheni ya kamera kabla ya kutoka.

Na unyayo ukikupendeza sana, toa nakala yake. Unga wa jipsamu vikombe viwili kwa kimoja cha maji, koroga uwe kama uji wa mtoto, zungushia unyayo ukanda wa boksi gumu, mimina kuanzia pembeni usimwage juu ya vidole moja kwa moja, subiri nusu saa, kwenye baridi saa nzima, alafu inua na udongo wake. Usiusafishe siku hiyohiyo, jipsamu bado ni laini, vidole vitatoka. Wa kwangu wa kwanza uko juu ya friji, na ni wa yule mbwa wa mzee.